Majani ya Lubarika

Kigoma, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za mtoto wako Feza. Miguu yako inaendeleaje tangu mvua ianze? Na bibi, bado anakula ugali, ama sasa ni uji tu? Mimi niko na afya. Nasema mimi, mama, sisemi sisi. Kaa chini kwanza, na kama kuna mtu anakusomea, mwambie asome polepole. Baba ametuacha. Tulimzika Jumanne.

Wewe ulibaki Kilibula kwa ajili ya bibi asiyeweza kutembea, kwa hiyo ni haki yako kujua yote.

Tulipofika huku, baada ya waasi kuingia mjini Uvira, baba alikuwa amekaa majuma mengi bila sindano yake ya sukari. Alikunywa mtungi mzima wa maji kwa siku, na sisimizi walijaa pale alipokojoa. Lopitali ya hapa ilimpokea vizuri. Muuguzi mmoja, mama wa Kiha mwenye huruma, akawa anamchoma sindano kila asubuhi. Nami nikawa nachemsha mubirizi uliyotufungia, yale majani machungu uliyoyafuata Lubarika kwa miguu wakati wenzako wanakimbia. Muuguzi hakutukataza. Alisema tu kwamba majani peke yake hayatoshi.

Baba akapata nguvu. Akapata na kazi kwa fundi wa mitumbwi, akaanza tena kuimba anapopiga randa. Mimi nilijua kila asubuhi anapitia lopitali kwanza. Kumbe sivyo. Siku moja nilikutana na yule muuguzi sokoni, akaniuliza kama baba amesafiri, maana hajamwona siku nyingi. Nilikwenda mbio mpaka kazini kwake. Nilimkuta amelala juu ya mbao, anahema kwa nguvu, pumzi yake inanuka kama ndizi iliyoiva kupita kiasi.

Tulipomfikisha lopitali nilimuuliza kwa nini alinificha. Akanijibu kwa shida:

"Kwetu sindano haiko tena, Feza. Nilitaka kuona kama mubirizi iko inanitosha. Ikinitosha, minye narudi kwa mama yako."

Walimpa dawa siku ile ile, lakini mwili ulikuwa umeshachoka. Siku ya tatu, mchana, alinishika mkono akaniita kwa jina lako. Sikumsahihisha. Niliitika.

Mama, usijilaumu. Aliyechemsha ni mimi, na nilifurahi kila alipomaliza kikombe. Nilitaka kukuandikia kwamba ni homa imemchukua, basi. Lakini mjomba wa kule Kiringye ana ugonjwa huo huo, na najua ni weye unamchumia majani. Mchuuzi wa samaki anayekuletea barua hii anasema dawa imeanza kufika tena lopitali ya Uvira. Mpeleke mjomba. Akikataa, msomee barua hii yote. Majani anywe akipenda, ila sindano asiache hata siku moja.

Bibi umwambie taratibu, akiwa ameshakula. Nisalimie shangazi Mariamu, mshonaji, na umwambie baba alizikwa na shati alilomshonea. Nisalimie mdogo wangu Anjelina, na yule jirani yetu katekista, atuombee.

Kaburi liko juu ya mteremko, ziwa linaonekana lote. Niliwaomba wamlaze uso wake uangalie kaskazini, upande wenu, na hakuna aliyeniuliza sababu.

Njia ikifunguka, nitarudi peke yangu. Unipokee hivyo hivyo, mama.

Mtoto wako,
Feza