Sauti Yako Haikumngoja Mama Neema

Kaka Hamisi,

Sijui ni salamu gani humfikia mtu aliye chini ya udongo, kwa hiyo nakupa ile ya kila siku: umeamukaje? Sisi tumeamka. Mama anakula kidogo. Cherehani yako nimeifunika, hakuna aliyeigusa.

Nakuandikia habari za mbio, maana ungeniuliza hilo kwanza. Tulikimbia Jumapili, njia ileile uliyokuwa unaitaka: lami kutoka ziwani hadi Rugerero, halafu barabara ya udongo inayopanda kuelekea Kanzenze, halafu mawe ya volkano, mashamba ya viazi, na kurudi. Kilabu kinahesabiwa pale mtu wake wa mwisho anapovuka mstari. Sharti hilo wewe ulilipenda. Mi nililiona hasara tupu.

Lakini nianze na kilichoniuma.

Siku chache kabla ya mbio, kilabu kilipita mbele ya nyumba yetu kikifanya mazoezi, na wewe mbele unaimba. Fazili alikuwa amekurekodi kwenye simu zamani, siku moja tukikimbia kando ya ziwa. Sasa amefunga spika nyuma ya pikipiki yake, anatangulia, na watu wanafuata wakiitikia. Hakuna aliyetuambia. Mama alikuwa anachambua mchele. Akasimama, akasema, "Uyu ni Hamisi. Mufungulie mulango." Akatoka bila viatu mpaka barabarani. Nilimkuta katikati ya vumbi, kundi limeshapita, anatazama huku na huku. Nikamrudisha ndani, nikamfuta vumbi miguuni.

Nilikwenda kwa Mwenyekiti wa kilabu jioni ileile. Unamjua alivyo, na kile Kiswahili chake cha Tanzania, mikono mgongoni. "Dada Asha, tunamuenzi kaka yako. Sauti ya Hamisi ni mali ya kilabu."

Mali ya kilabu. Mimi niliyeanza kwa kuuza soksi mkononi pale mpakani hadi nikapata duka, najua mali ni nini, na najua kuchukua kitu bila kuomba kunaitwaje. Nikamwambia hivyo. Akasema ni huzuni inayonisemesha.

Bon, haya. Nikaweka huzuni pembeni, nikampa hesabu. Wimbo ule ulirekodiwa kwenye lami tambarare, hatua zake ni za lami. Mkiupandisha mlima kwa mwendo uleule, watu watakatika pumzi kabla ya kufika kwenye mawe. Akacheka. "Madame Hesabu," akasema. Hata jina ulilonipa wewe wamelichukua.

Nikakimbia nao hata hivyo. Jezi niliyovaa uliishona wewe.

Kwenye lami ilikuwa nzuri, sitakudanganya. Unaita, tunaitikia, miguu inashuka pamoja, watu wanatoka madukani kutazama. Halafu katikati ya wimbo ukasema kile ulichonitupia siku ile kando ya ziwa: "Madame Hesabu, weka ile saa mufukoni, angalia watu." Wote wakacheka, kama walivyocheka siku ile. Mi nilikuwa nalia huku nakimbia, na kulia huku unakimbia kunakula pumzi vibaya.

Kisha njia ikaanza kupanda.

Hapo, kaka, ndipo ulipokuwa unageuka. Ulikuwa unapanda kinyumenyume, unatazama midomo ya walio nyuma. Mama Neema, wa mwisho wetu siku zote, akishindwa kuitikia, unapunguza wimbo, unamchokoza: "Mama Neema, jana ulikula ugali wa nani?" Mpaka acheke, mpaka aitikie, ndipo unaongeza tena. Wapita njia walidhani ni mchezo. Midomo ile ndiyo ilikuwa saa yako.

Spika haikugeuka. Mama Neema akaacha kuitikia. Nikamsikia nyuma yangu pumzi tu, halafu hata pumzi sikuzisikia. Nikaongeza mwendo hadi kwenye pikipiki, nikamwambia Fazili azime. "Dada, huu wimbo ndiyo unatupandisha." Na sauti yako ikaenda mbele na wenye nguvu, ikamwacha mama wa watu mlimani. Sauti yako, Hamisi. Wewe ambaye hukumwacha mtu.

Mawe ndiyo yaliyokunyamazisha. Pikipiki haipiti pale, ni mawe meusi yenye meno na kijia chembamba. Fazili akasimama. Wenzetu wakapanda juu ya mawe, wakapotea, na mi nikabaki hapo naye. Ukawa unaita. Unaita, halafu kimya cha kungoja jibu, halafu unaita tena. Fazili akaniangalia, akaizima mwenyewe.

Mama Neema alipofika, uso ulikuwa wa majivu. "Asha, nenda, mi nitakuja polepole." Sikuwa na utani wa kumpa. Nilimshika mkono tu. Tukavuka mawe, tukapita viazi vya watu. Tulipofika ziwani walikuwa wanakunja kamba za kumalizia. Tukawa wa mwisho kati ya vilabu vyote. Mwenyekiti alikuwa amekaa kwenye nyasi. Hakuomba radhi. Alisema mwaka ujao watatafuta spika ya kubeba mgongoni.

Fazili alikuja nyumbani kesho yake, kofia mkononi, akanipa memori kadi yenye sauti yako. "Mi nilifikiri mutafurahi," akasema, na nadhani ni kweli. Nimeiweka kwenye droo ya cherehani pamoja na bobini zako. Sijaisikiliza. Mama hajui kama ipo.

Nina hasira na wewe pia. Uliimba miaka yote hiyo, hukumfundisha mtu. Ukaanguka mchana juu ya kitambaa cha mteja, basi, wimbo ukaenda na wewe. Fundi gani anaondoka hivyo?

Lala, kaka. Mama nitamtunza, hilo halihitaji kuandikwa. Jumapili nitatoka na kilabu tena, apende asipende Mwenyekiti. Kuimba siwezi, unajua, ulikuwa unaniziba mdomo kwa mkono tukiwa wadogo. Lakini njia ikianza kupanda nitageuka. Nimeshajaribu uani kwenda kinyumenyume, nikaanguka juu ya ndoo, Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu uondoke. Nitaanguka na mlimani pia. Ila nitakuwa natazama midomo yao, na Mama Neema hatapanda peke yake.

Mdogo wako,
Asha