Lenzi Aliyopewa Baba Mdogo

Jumatatu, 2 Septemba

Picha za pasipoti kumi na moja. Mtoto mmoja alilia mpaka mama yake akacheka. Kisha nikapaka grisi kwenye mpira wa kasha la majini, lile la kuzamishia kamera. Kasha tupu. Kamera mpya ya fulfremu, yenye kihisi kikubwa, ipo mezani, haina lenzi. Nimejaribu zile za kamera ya zamani: weusi pembeni, kama unachungulia kwenye bomba.

Kaka yangu Deo aliiagiza, hakuipigia hata picha moja. Mwezi wa tano alinaswa na nyavu ziwani, akafa. Mimi nilikuwa namshikia taa.

Dokta anayeandika kitabu cha samaki, ambaye Deo alikuwa anampigia picha, amepiga simu. Umebaki ukurasa mmoja: jike anayebeba watoto mdomoni, na mwamba wake. Nikasema nitaangalia.

Jumatano, 4 Septemba

Lenzi pana: lazima umsogelee samaki karibu umguse. Yaani uingie kwenye miamba, kwenye nyavu. Lenzi ndefu: unakaa mbali.

Ile pana Deo alishainunua. Siku ya kuondoa tanga wazee waligawa vitu vyake. Mimi nikavikwa suti yake ya kuzamia juu ya shati, mbele ya watu wote, kwa sababu ndiyo lilikuwa koti lake la kazi. Lenzi wakampa baba mdogo wa Lusewa. Anaigeuza, anasomea misale. Shemeji, mke wa Deo, alinung'unika. Mimi nilifurahi. Naandika ukweli: nilifurahi.

Nimeagiza ndefu.

Jumanne, 10 Septemba

Imefika na basi la Dar. Nimempiga picha nzi dukani, kila unywele wa mguu unaonekana. Lakini dukani hakuna maji.

Sili vizuri.

Jumamosi, 14 Septemba

Mbamba Bay. Nimezama na Kassim, aliyenisaidia kumtoa Deo. Suti ina kiraka gotini, kipande cha tyubu ya baiskeli. Deo alikibandika mwenyewe, akajisifu siku nzima.

Nilikaa mita mbili kutoka mwamba. Sikuweza kusogea. Niliona boya la nyavu, nikapanda juu haraka kuliko inavyotakiwa. Kassim alinigombeza, halafu akatazama picha.

"Bwana picha, umepiga samaki au uji?"

Nyeupe zote. Upepo umevuruga ziwa. Lenzi ni nzuri, maji ndiyo yamejaa katikati. Deo alikuwa anasema: punguza maji kati yako na samaki. Nililijua hilo wakati naagiza. Woga ndio ulionunua.

Jumatatu, 16 Septemba

Lusewa. Nilimkuta baba mdogo anapukuchua mahindi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umefuata jicho langu."

"Ndiyo, baba."

"Tulikuvika suti, ukaitundika. Nikasema huyu akija, atakuja na miguu yake. Ungetuma mtu nisingempa."

Akaitoa lenzi kwenye soksi ya mtoto. Ya mtoto wa Deo, ndiyo Deo alikuwa anafutia vioo vya lenzi. Nilitazama pembeni.

"Sasa niletee miwani," akasema. "Nimeishia katikati ya Zaburi."

Jumamosi, 21 Septemba

Nimetapika kabla ya kuingia. Kassim akatangulia kukagua nyavu, akarudi, akanionyesha dole gumba na kidole cha pili vimeungana: salama. Sikumwamini. Nikaenda.

Mita moja. Nusu. Shubiri moja kutoka kwenye mwamba. Nilisikia pumzi zangu tu, nyingi mno. Nilihesabu mpaka kumi, nikaanza upya.

Jike alikuwa pale, watoto wake wanaelea mbele yake kama punje za ulezi. Nikasogea kidogo tena. Akafungua mdomo, wakakimbilia ndani wote. Mmoja akachelewa. Mama akamngoja.

Walikuwa wananikimbia mimi. Sikuwahi kufikiri kwamba humo ndani kuna anayeniogopa mimi.

Nikabonyeza. Bado nilikuwa naogopa. Nikabonyeza tena.

Jumanne, 24 Septemba

Picha za pasipoti nne. Dokta amepata ukurasa wake. Nimemwomba aandike jina la Deo pamoja na langu, amekubali.

Miwani ya baba mdogo imeondoka kwenda Lusewa na basi la Namtumbo.

Nimefua soksi. Imekauka, suti bado inatona.