Vyerehani Vinne vya Mama na Mlango wa Stoo

Mwaka umetimia, Mama, tangu uulaze mkasi wako juu ya meza ya kukatia, ukasema unakwenda kujinyoosha kidogo. Hukuamka. Watu wamezoea tangazo la kumbukumbu liwe la machozi na maneno matamu, na hayo utayapata, ila si hayo tu. Hukupenda kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Basi wanao tumeona tukueleze ukweli mbele za watu, maana yaliyotokea yalitokea mbele za watu.

Ulikuwa fundi wa nguo. Asiyekujua aanzie hapo. Ulishona sare za mtaa mzima, na ukimaliza za wateja ulishona za watoto wasio na wa kuwashonea. Ulibana pini kwa midomo huku unatugombeza, na kila neno tulilisikia. Baba akikwambia upumzike ulimjibu kwamba utapumzika ukifa. Yeye alikasirika, wewe ukacheka.

Na katika kutoa hukuwa mjinga. "Kutoa ni moyo," ulisema, "lakini macho nayo yaje." Mtu akikuletea habari za kituo chenye shida, hukupeleka kitu siku hiyo. Ulikwenda bila taarifa na ulipitia jikoni, si ofisini. Ulimuuliza mpishi, ukamuuliza anayefua, ukatazama miguu ya watoto. Uliuliza wanahitaji nini kabla ya kuwapelekea ulichonacho. Ulianza na kidogo, ukakaa miezi mitatu, kisha ukarudi kimya kuona kile kidogo kimefanya kazi gani. Kuna bwana mmoja aliyekuwa na bango kubwa la picha za watoto barabarani. Ulitoka kwake ukasema pale wanaoshiba ni wenye ofisi, na hukukanyaga tena.

Kwa hiyo tulipokuta kwenye droo karatasi moja ya oda za wateja yenye mwandiko wako, wote walitulia. Uliandika: vyerehani vyote vinne viende kwa Mama Mlezi, kwa watoto wake. Mama Mlezi ni rafiki yako wa tangu usichana, analea watoto thelathini na kitu katika nyumba ile iliyo nyuma ya ghala la mbao, nawe ulimpelekea nguo na shuka miaka yote. Wote walitulia isipokuwa mimi.

Mimi mwanao wa pili, mwenye mdomo, nilisema twende kwanza tukatazame, kama ulivyotufundisha. Kaka mkubwa, ambaye tunamwita Mwenyekiti kwa sababu hata chai ya nyumbani anataka ipigiwe kura, akasema wasia haukaguliwi. Akasema nakutilia shaka hata baada ya kufa. Iliniuma sana. Nikautia ufunguo wa karakana yako kwenye pochi, nikatangaza kwamba cherehani hata kimoja hakitoki mpaka niridhike.

Halafu sikwenda kutazama. Wiki hii nina zamu hospitalini, wiki ijayo mvua, wiki nyingine mtoto anakohoa. Kusema kweli niliogopa siku ya kuikuta karakana tupu. Ikapita miezi kumi na moja. Kaka akiwa na neno kwangu alimpigia kitinda mimba wetu amwambie aniambie. Baba alikula katikati yetu, macho kwenye sahani.

Mwezi uliopita Kaka akachoka. Akapanga siku ya kukabidhi, Jumamosi, wageni wakaalikwa, kipaza sauti kikaazimwa. Watoto walikuwa wameshaambiwa. Nikabaki na siku tatu za kujua kama kazi ya mikono yako inakwenda mahali pema au inakwenda kupotea.

Jumatano asubuhi nilipitia uani bila hodi. Kulikuwa na baridi, na watoto walikuwa wamejikumbatia ndani ya fulana zilizopauka. Nikamuuliza dada anayefua, yale makoti ya kitambaa kizito aliyoyaleta mama yangu yanafuliwa siku gani. Hakuinua hata kichwa.

"Yale hayafuliwi, dada. Yale ni ya siku ya wageni."

Alinifungulia stoo kwa kuwa aliona nafanana nawe. Mama, hakuna kilichoibwa. Ningefurahi ningekuta wameiba, ningejua pa kuelekeza hasira. Kila kitu kilikuwepo. Shuka zako zilikuwa kwenye nailoni zake. Magauni yalikuwa yamekunjwa vizuri, yale machache ya juu ndiyo yenye dalili ya kuvaliwa. Makoti kumi na manane, kila moja na karatasi ya jina la mtoto wake, maana ulimpima kila mmoja kwa futi yako ya shingoni. Yamekaa miaka sita. Nondo walikuwa wameanza kula kola. Tunasema wema hauozi. Sawa, wema hauozi, lakini nguo huoza.

Nilisimama pale nikijiuliza ulipitwaje, wewe. Kisha nikaelewa. Kwa watu wengine wote ulipitia jikoni, ila kwa rafiki yako ulipitia mlango wa mbele. Ulikaribishwa sebuleni, mkanywa chai, mkakumbushana usichana, watoto wakaletwa wamependeza, ukarudi nyumbani unaimba. Ulikosea, Mama.

Jioni hiyo niliwaeleza wote mezani. Nilidhani Kaka ataona haya. Badala yake alinitazama usoni, mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

"Miezi kumi na moja umevifungia, dada. Sindano zimeota kutu. Wewe na yule mama mna tofauti gani?"

Nyani haoni kundule. Nilitaka kuinuka niondoke, lakini Baba akaniuliza mlango wa stoo ukoje. Nikamwambia ni mzito, wa mbao nene, una makomeo mawili. Akaweka kijiko chini. Akasema ni kazi ya mikono yake. Ulimwomba autengeneze mwaka ule wezi walipochukua mablanketi ya watoto, naye akatumia mbao bora kuliko za mlango wetu wenyewe. Hakumaliza chakula.

Jumamosi Baba aliniomba ufunguo wa karakana, tukafika na vyerehani vinne kwenye gari la mizigo, na hakuna aliyejua kama Baba atakubali vishushwe. Nilimuuliza njiani, akasema nimwache. Wageni walikuwa wameketi. Watoto walikuwa wamepangwa mstari, magauni na mashati yananukia dawa ya nondo. Kaka alipoanza kuzungumza juu yako, Baba akainuka na sanduku lake la vifaa vya useremala, akapita katikati ya watu, akaelekea stoo. Mama Mlezi akamkimbilia, nasi tukafuata, na wageni nyuma yetu.

Baba akamwomba afungue. Mama Mlezi akaukumbatia ufunguo kifuani, akaanza kulia. Hakuwa mwizi, na nataka kila anayesoma hapa ajue hivyo. Alisema kuna mwaka ambao hakuja mtu hata mmoja, watoto wakalala bila cha kujifunika, na mmoja wao homa ya mapafu ikamchukua. Tangu siku hiyo aliapa nyumba ile haitakosa akiba.

"Naweka kwa ajili ya siku mbaya, shemeji."

"Siku hiyo wanayo kila asubuhi," Baba akamjibu.

Nilidhani Mama Mlezi atakataa, na nikajua akikataa Baba atageuza gari, na Kaka hatanisamehe mpaka tunazikana. Kisha akautoa ufunguo. Baba akafungua, lakini hakuishia hapo. Akachukua bisibisi akaanza kuzitoa bawaba, skrubu moja baada ya nyingine. Siku hizi mikono yake inatetemeka, kwa hiyo ilichukua muda. Skrubu ya mwisho ilipolegea mlango ukainama. Kaka akaudaka upande mmoja, mimi upande wa pili. Tuliubeba hadi kwenye gari bila kusemeshana, ila aliniambia niangalie kidole.

Tuliporudi watoto walikuwa wanasoma karatasi zako. Msichana mmoja, wanayemwita Twiga kwa urefu, alipata koti lenye jina lake. Ulimpima akiwa na miaka minane. Sasa ana kumi na minne. Akalivaa hivyo hivyo. Mikono iliishia kwenye viwiko, na vifungo havikufikia matundu. Hakuna aliyecheka. Mama Mlezi akakaa chini sakafuni, akafunika uso kwa upande wa kanga yake. Mimi pia nilishindwa kumtazama yule mtoto.

Nikatoka nikashusha cherehani cha kwanza mwenyewe, kile cheusi cha kukanyaga. Kaka akashusha cha pili. Tuliviweka barazani, mbali na stoo, na kitinda mimba wetu akaanza kuvipaka mafuta. Twiga akaja akasimama kando yangu, koti mkononi.

"Anti, mikono inaongezwaje?"

Sikujua, Mama. Miaka yote ile uliniita nikae karibu yako nijifunze, nikakwambia nina kazi.

Wanaokukumbuka kwa upendo ni mumeo, seremala, mwanao Mwenyekiti, binti yako mwenye mdomo, kitinda mimba wako, ambaye sasa anakwenda kuwafundisha wale watoto kushona kila Jumamosi, dada zako wawili, wakwe zako na wajukuu zako watano. Na rafiki yako Mama Mlezi, aliyekuja nyumbani kuomba atajwe pamoja nasi. Baba alisema atajwe.

Hatutakusahau, Mama, siku zote za maisha yetu.