Fundi Amesafiri

Jumanne, 4 Machi
Wameninyima viza! Baba watoto wamempa, mimi wameninyima. Karatasi moja tu — hawajaridhika kwamba mwombaji atarudi kwao. Mwombaji! Mimi ambaye sijawahi kumwomba jirani hata chumvi.

Kule ubalozini yeye aliulizwa atarudi lini, akasema baada ya siku ishirini na moja, ana kuku. Basi, kuku wamempitisha. Mimi nikajieleza. Kwamba binti yangu ni injinia, anasimamia madaraja, wanaume wanamwita bosi. Kwamba kanitengea chumba, kitanda kipya, cherehani ya umeme, na nitakaa mpaka mjukuu atembee. Nilitaka yule bwana wa dirishani ajue siendi kuhangaika kwa watu. Akawa anaandika, anaandika. Nikasema moyoni, huyu nimempata!

Mdomo wangu huu.

Jumatano, 5 Machi
Sijamwambia mtu. Nitaanzia wapi, na kibao kiko mlangoni pa duka langu tangu wiki jana, hata safari haijafika: FUNDI AMESAFIRI KWA MWANAWE NG'AMBO. Herufi nyekundu. Nilimsimamia mchoraji mpaka akazikuza.

Nimeingia kwa mlango wa nyuma, nikajifungia. Cherehani sikanyagi, itanisema. Nashona kwa mkono vifulana vya mtoto.

Wanawake wawili wakasimama nje, wakasoma. Mmoja akasema afadhali, masikio yatapumzika, injinia, injinia kila siku! Mwenzake akasema mwache, gauni langu la harusi alilikeshea, Mungu amfikishe salama.

Yule wa kwanza sikumjali. Huyu wa pili ndiye aliyeniliza.

Alhamisi, 6 Machi
Injinia kapiga simu. Nimemwambia. Akasema: "Sasa mama, nani atanishika?"

Mimba mbili zimetoka. Hii ya tatu ndiyo imefika miezi minane. Mumewe ni kijana mzuri, lakini akiona damu huanguka yeye kwanza. Kuomba upya ni wiki sita. Mtoto hangoji wiki sita.

Nikamwambia baba yako anakuja. Akacheka huku analia. Anamjua baba yake — yai tu humshinda kuchemsha.

Ijumaa, 7 Machi
Namfundisha. Nimeviringisha mabaki ya pazia yakawa mtoto. Kambeba kama mtungi wa gesi!

"Kichwa, mzee, shika kichwa!"

"Kipi, mama watoto? Pande zote sawa."

Tulicheka mpaka nikakaa chini. Kisha hatukucheka tena. Akaweka pazia mezani, taratibu, kichwa kakishika. Akasema na yeye abaki, tutaomba wote mwakani. Nikamwambia thubutu! Akauliza, na watu tutawaambia nini? Nikajifanya natafuta sindano.

Maana nimewaalika mwenyewe, kwa mdomo huu huu, waje kuniaga siku ya kuondoka. Mawifi zangu wanne. Washitiri wangu wote niliowashonea. Hata mchoraji wa kibao. Wifi mkubwa kapiga simu sasa hivi — anataka kiti cha mbele, anione nikitoka na gauni la safari.

Sanduku langu liko sebuleni, nimelifunga kamba. Nimelifungua, nikatoa nguo zangu, nikaweka vifulana vya mtoto, mzee avipeleke, nikalifunga tena.

Gauni nimelipiga pasi. Sijui la nini. Wanakuja wote kesho, Jumamosi, saa nne asubuhi.