Mikono Yenye Unga

Mji wa Kale, Mombasa
Mfungo Mosi, siku ya nne

Shangazi yangu Zuhura,

Nakusalimu, ingawa najua huitiki.

Idi imepita. Ndiyo ya kwanza bila wewe, na nimechoka, Shangazi. Nimechoka mpaka kope. Nakuandikia nikiwa kitandani, na sasa ni saa nne asubuhi. Salim amenitilia chai, imepoa. Vidonge vya daktari nimeshameza, usiwe na wasiwasi. Ni wewe uliyenisindikiza hospitali mara ya kwanza, ukaniambia pale kwenye foleni, "Moyo nao huugua, mwanangu, kama jino." Naendelea navyo. Kuna siku vyanisaidia. Kuna siku naamka tu kwa sababu Salim amefungua dirisha.

Nikwambie ya Idi. Watu walikusanyika nyumbani kwako vile vile, lakini mwenye shughuli sasa ni Rukia, mke wa kaka yangu. Kaimati akaziagiza zimeshapikwa. "Shangazi hayuko," alisema, "nani ajichome na mafuta siku ya sikukuu?" Alisema kwa wema. Basi nikakaa ukumbini na wanawake wenzangu, nimevaa ile leso uliyoninunulia Biashara Street, mikono mitupu.

Haikuchukua muda. Rukia akaniwekea mtoto wake mchanga mapajani. "Mpakate, wifi, baraka huambukiza!" Mwingine akadakia, "Miaka saba! Au wewe na Salim mwalala kila mtu chumba chake?" Wakacheka. Nami nikacheka, Shangazi. Mtoto alinukia maziwa na udi. Akanishika kidole. Nikamrudisha kwa mamake, nikasema naenda msalani. Nikaingia chumbani kwako, nikakaa sakafuni nyuma ya mlango mpaka adhana ya alasiri. Salim akaja kunichukua. Alisema tu, "Haya, twende zetu."

Pale sakafuni ndipo nilipokufahamu.

Kila Idi uliniita jikoni kabla sijavua viatu. "Wewe, njoo! Kaimati hazijikaangi!" Nikatia mkono kwenye bakuli la unga ulioumuka, nikadondosha kaimati karaini, moja moja, mpaka wageni waondoke. Nilikuwa na kinyongo nawe. Nilimwambia Salim, "Kwa kuwa sina mtoto, Shangazi amenifanya kijakazi." Nisamehe. Kumbe yule mwenye unga mkononi hapewi mtoto. Nimekumbuka Rukia alipokuja jikoni na kifungua mimba wake, akamsogeza anipe, ukamfokea: "Huoni ana unga hadi viwikoni? Mtoe mtoto hapa, mafuta ya moto haya!" Kisha ukarudi kutwanga iliki zako, kama hukusema kitu. Ulikuwa ukinificha, nami nikadhani wanitumikisha.

Wewe nawe hukuzaa. Sikuwahi kukuuliza nani alikuficha wewe.

Nilirudi nyumbani nikaapa Idi ya Kuchinja siendi. Nijifungie, waseme watakavyo. Lakini kuna jambo halikuniacha. Pale ukumbini alikuwapo Maryam, mke wa binamu yangu, mwaka wake wa pili huu katika ndoa. Naye aliulizwa, "Kitu bado?" Nilimwona akitazama vidole vyake, akivihesabu kama kwamba kimoja kimepotea. Siku tatu namwona vile vile.

Jana nimempigia Rukia simu, nikamwambia asiagize kaimati tena, nitakaanga mimi. Akacheka, "Umerithi ukaidi wa Shangazi!" Salim amenichukulia karai lako. Liko hapa, chini ya kitanda.

Sijui siku hiyo nitaamka vipi. Huenda nikashindwa hata kuvaa. Lakini nikiweza kusimama, Shangazi, nakuahidi, nitamwita Maryam kabla hajavua viatu. Nitamfokea kidogo, kama wewe, ili asijue. Bakuli ni kubwa, latutosha sote wawili.

Lala salama. Mola akupanulie kaburi lako, alitie nuru. Nawe nikumbuke, hasa asubuhi za Idi.

Mwanao,
Saumu