Mvua ya Tunduma na Mvua ya Mbeya

Jumatatu, 7 Novemba 1938
Nimepima joto na mvua asubuhi kama kawaida, hapa kituo cha hali ya hewa cha Tunduma. Joto letu limezidi la Mbeya. Si ajabu, kule milimani wanajifunika blanketi sisi tukitafuta kivuli. Ajabu ni maji ndani ya kipimamvua. Nje vumbi tupu. Nimeandika hivyo hivyo.

Jumatano, 9 Novemba
Maji tena. Bwana Shamba wa Mbeya, anayepokea vipimo vyangu, ameleta neno kwa dereva wa lori: kila mwaka mvua huanza kwao, mbona safari hii Tunduma imetangulia? Anakuja Jumatatu. Akiniona mwongo, kazi sina. Huu ni mkono wa mtu. Namshuku Sichone, karani wa forodha. Kazi hii aliitaka kwa ajili ya mdogo wake.

Alhamisi, 10 Novemba
Sichone kaniuliza kama mvua yangu ya siri imenyesha. Ananichekea mno siku hizi. Simwamini hata kidogo.

Ijumaa, 11 Novemba
Alfajiri nimejificha nyuma ya ghala. Sichone hakutokea. Aliyekuja na kibuyu cha maji ni mama mkwe, anayekaa kwetu tangu mke wangu Sabina ajifungue. Nimegeuza uso upesi. Kwetu mkwe haangaliwi, wala hasemeshwi. Nimesikia maji yakimiminwa, nikashindwa hata kukohoa. Hasira na aibu pamoja. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumamosi, 12 Novemba
Nimemtuma Sabina akamwulize. Kumbe Sabina mwenyewe ndiye aliyemwambia mama yake kwamba Tunduma ikikosa mvua kituo kitafungwa, nasi tutahamishiwa Mbeya. Mama akaogopa baridi ya kule itamwua mjukuu wake. Sijui nicheke au nilie.

Jumatatu, 14 Novemba
Nimemweleza Bwana Shamba yote. Hakucheka. Amesema maji yakionekana tena kabla mvua haijanyesha Mbeya, na hakuna shahidi, kazi basi.

Ijumaa, 18 Novemba
Ngurumo tangu jana jioni. Leo kipimamvua kina maji. Dereva wa lori anasema Mbeya bado kavu. Nimeshika matope kwa mikono yangu na bado nimekuwa na shaka. Nimekwenda kumwita Sichone awe shahidi. Amekuja miguu mitupu, suruali ameikunja hadi magotini, na safari hii hakunichekea. Tumesoma pamoja.

Sabina ameniletea ujumbe kutoka nyuma ya ukuta: "Mama anasema leo si yeye."

Nimeandika.