Mwenye Mvua

Jumamosi usiku

Bora wasingempa ile tuzo.

Babu Masanja anapima mvua hapa kijijini tangu mama yangu hajazaliwa. Kila asubuhi anachungulia kipima mvua chake uani, anawapigia simu watu wa hali ya hewa huko Mwanza. Halipwi kitu. Leo wamekuja kumshukuru, wakampa cheti na shuka jipya. Babu alicheka mpaka akaficha mdomo.

Halafu mgeni rasmi akashika kipaza sauti. "Huyu mzee ndiye mwenye mvua yenu. Mtunzeni."

Wageni wakapiga makofi. Watu wa kwetu wakatazamana. Mpunga umekauka majarubani, na maneno kwamba babu anafunga mvua kwa uchawi yapo siku zote.

Mama mmoja nyuma yangu akasema taratibu, "Mmesikia? Kumbe hata serikali inajua."

Mwenzake akajibu, "Na zawadi anapewa."

Nilitaka niwaambie anapima tu.

Jioni babu kanishika mkono. "Mjukuu wangu, leo ulale huku kwangu."

Sasa hivi kunanguruma upande wa ziwani. Ikinyesha watasema kaifungulia. Isiponyesha ndiyo...

Babu hajalala. Kaniambia, "Hebu kaangalie kipimo, mvua isije ikatupita."

Nimetoka na tochi. Kipimo kimepinduliwa, mdomo uko chini, na nyayo za watu zimejaa uani.

Nimerudi ndani nikafunga mlango. Nimemwambia kiko sawa.